Poda ya Mtopetope

Wifi yangu alikuja kwetu na mkongojo mmoja, mifuko miwili ya nguo, na kasha la bati ambalo hakumruhusu mtu kuligusa. Mume wangu alipoinama kulibeba pale mlangoni, aliambiwa, "Hilo liache, mdogo wangu. Hilo ndilo bwana wangu wa sasa."

Ndani ya kasha mlikuwa na brashi za kila unene, poda, wanja na rangi za midomo. Kwa miaka ishirini na mbili wifi alikuwa mpambaji wa maharusi, na sifa zake zilikuwa zimeenea. Halafu goti la kulia likamsaliti. Daktari alilipasua, akalishona, akampiga marufuku kusimama zaidi ya nusu saa. Na kazi ile haifanywi kwa kukaa. Anayekaa ni bibi harusi. Mpambaji anasimama, anainama, anazunguka kiti kama mlinzi wa benki.

"Miezi mitatu tu," alituambia. Pacha wetu walikuwa shule ya bweni, chumba chao kilikuwa wazi. Tukamtandikia humo.

Sitadanganya, sikufurahi. Mimi ni muuzaji katika duka la dawa, nashinda nimesimama kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na nikirudi nataka nyumba yangu na kimya changu. Wifi ni wifi, hata akiwa malaika. Na huyu wangu hakuwa malaika. Siku ya pili aliniangalia wakati nakoroga chai, akasema, "Mama Pacha, nyusi zako hazielewani. Moja iko ghorofani, nyingine bado inatafuta ngazi." Mume wangu akapaliwa na chai. Mimi nikacheka kwa meno tu.

Dirisha la chumba cha pacha linatazama uani. Uani kwetu si pakubwa: tangi la maji, kamba ya nguo, mlimao mmoja, na karibu na ukuta wa jirani, mtopetope. Tuliukuta mdogo, ukakua mbele ya macho yetu. Kila mvua za kwanza zikinyesha ulitoa maua mpaka ukaudhi. Maua yenyewe hayana uzuri wa kumsimamisha mtu: petali tatu nene za kijani kinachokaribia njano, zimening'inia kichwa chini. Yalikuwa yakidondoka yote. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyafagia kila asubuhi, pamoja na majani, na kuyachoma moto. Miaka mitano nafagia. Topetope tukila tulinunua sokoni.

Wifi, kwa kuwa hana pa kwenda, akawa anakaa kwenye kigoda chini ya mti huo, goti limenyooshwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nilidhani anapunga upepo. Kumbe anachunguza. Jioni moja nilirudi kazini, nikamkuta ameshika maua mawili, moja kila mkono.

"Njoo uone, wifi. Hili limefunguka leo asubuhi. Hili lilifunguka jana."

Nikaona maua mawili.

"Angalia ndani." Akatenganisha petali kwa ncha ya kucha. Katikati ya ua la leo palikuwa na kinundu kidogo, kinang'aa kwa unyevu. "Unaona hii? Kama mdomo uliopakwa mafuta sasa hivi. Sasa angalia la jana." Lile la jana lilikuwa limetanuka petali zote, kinundu kimekauka, na pembeni yake palikuwa na vijichembe vilivyolegea. Akaligonga kwenye kiganja. Likadondosha unga mweupe mweupe. Akausugua kwa kidole gumba, kama anavyopima poda mpya dukani.

"Laini," alisema. "Laini kuliko zote nilizo nazo kwenye kasha."

Usiku huohuo, wakati tunakula, alimpigia simu mwanamke mmoja ambaye yeye aliwahi kumpamba siku ya harusi, na ambaye sasa ni afisa kilimo. Wakaongea mpaka wali ukapoa. Alipokata simu uso wake ulikuwa umechangamka namna ambayo sikuwahi kuiona tangu aje.

"Basi sikilizeni," alituambia. "Ua la topetope kwanza ni bibi harusi, halafu linakuwa bwana harusi. Siku akiwa bibi, bwana hajafika. Bwana akifika na poda yake, bibi keshakauka, keshaondoka. Hawaonani! Kuna vidudu vyeusi, vidogo kuliko ufuta, ndivyo vinavyobeba ile poda kutoka ua la jana kupeleka ua la leo. Na vidudu hivyo vinazaliana kwenye majani yaliyooza chini ya mti."

Akanigeukia. Mume wangu naye akanigeukia.

"Mnaniangalia mimi nina nini?" niliuliza.

"Wewe na ufagio wako," alisema wifi, "mmefukuza washenga miaka mitano."

Basi nikakatazwa kufagia chini ya mti. Lakini wifi hakuwa mtu wa kungoja vidudu virudi. Asubuhi iliyofuata alifungua kasha lake, akachagua brashi ya kupakia rangi ya mdomo, ile nyembamba yenye ncha ya duara, akatoka nayo uani.

Jirani yetu wa upande ule ni fundi cherehani. Kibaraza anachoshonea kimeinuka, kwa hiyo akikaa kwenye cherehani yake anatuona kuanzia kiunoni kwenda juu. Alipomwona mama mtu mzima, ana mkongojo, anaubembeleza mti kwa brashi ya mdomo, alisimamisha cherehani.

"Dada! Huo mti unaolewa lini?"

"Bado tunajadiliana mahari," wifi alimjibu bila kugeuka. "Wewe andaa gauni."

Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukamwita Bi Poda.

Mwanzoni alikosea. Alipaka saa sita mchana, jua likiwa kali, na maua yalikuwa yamekwishakauka midomo. Yote yakadondoka. Akarudi kwa afisa wake. Akafundishwa kuchuma jioni maua yanayokaribia kutanuka, kuyalaza kwenye sahani juu ya karatasi, na alfajiri kuyakung'uta kwenye chujio la chai. Unga unaopita ndio poda. Mimi nikamletea vikopo vya vidonge vitupu kutoka dukani, vyenye vifuniko vya kubana. Kabla jua halijapata nguvu anakuwa amekwishamaliza. Na kwa kuwa maua mazuri yalikuwa juu, na ngazi yeye ameharamishiwa, nikajikuta napanda mimi kumwinamishia matawi, na sketi yangu ya kazini, nusu saa kabla ya kutoka.

"Panda taratibu, wifi. Ngazi yenyewe imeshaanza kuomba likizo."

"Nikianguka utanipamba wewe."

"Nitaanza na nyusi."

Msimu ule maua saba yalishika. Kila lililopakwa alilifunga uzi mwekundu aliouomba kwa fundi cherehani, na ndani ya wiki moja yasiyoshika yalianguka na uzi wao. Yale saba yakabaki, kikonyo kikanenepa, kikatokea kitu cha kijani mfano wa kifungo. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na moja na nilikuwa napiga makofi kwa sababu ya kifungo.

Lakini yalivyokua, yakakua vibaya. Topetope zuri ni duara, magamba yake yamejipanga pande zote. Yetu yalikuwa yamevimba upande mmoja na kunyauka upande wa pili, kama mtu aliyelala na jino bovu. Mume wangu alichuma moja lilipoiva, akalizungusha mkononi.

"Dada, hili limepigwa kofi na nani?"

Mimi nilicheka. Wifi hakucheka. Alilichukua, akaenda nalo jikoni, akalikata katikati kwa kisu. Akaniita. Upande ulionona ulikuwa na mbegu nyeusi zimejipanga, kila mbegu na nyama yake nyeupe. Upande ulionyauka haukuwa na mbegu hata moja.

"Ni mimi," alisema polepole. "Nilipaka upande mmoja. Kila mbegu inataka poda yake, na pale brashi yangu haikufika, tunda halikupata sababu ya kukua." Akaweka kisu chini. "Miaka ishirini na mbili, Mama Pacha. Sijawahi kumtoa bibi harusi amepakwa shavu moja."

Ilimuuma kweli. Tukakaa pale jikoni tukalila lile topetope lenye kofi, kwa vijiko, tukitema mbegu kwenye sahani. Lilikuwa tamu ajabu, na nilimwambia hivyo. "Tamu si neno," alinijibu. "Sura je?"

Miezi mitatu ilikuwa imepita zamani. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka uliofuata, kabla mvua hazijafika, alianza kujizoeza. Alichukua mbegu za mlimao, akazichomeka kwenye vijiti vya kibiriti, akawa anazizungushia brashi kwa vidole viwili tu bila kusogeza kifundo cha mkono, duara kamili, juu hadi chini. Jioni mbele ya televisheni, kila mtu anaangalia tamthilia, yeye anapaka mbegu. Akamwambia mume wangu amwagilie shina kila siku na kurushia majani maji, kwa sababu hewa ikiwa kavu bibi harusi anakauka mapema. Mume wangu, fundi umeme ambaye kwake mmea ni kitu kinachosumbua nyaya, akawa anamwagilia. Nilimsikia siku moja anauambia mti, "Kunywa, shemeji."

Maua yalipokuja, yalikuja kwa fujo. Kila alfajiri wifi alipaka, na mimi juu ya ngazi nikamwinamishia matawi, yeye akinielekeza. Mikono ilikuwa yake. Mimi nilikuwa ngazi yenye masikio. Kisha, wiki ya pili, hospitali ikampigia: nafasi ya kurekebishiwa goti imepatikana, aje kesho, atalazwa siku nne.

"Siendi," alisema.

"Unakwenda," nilisema.

"Maua yako kwenye kilele, wifi. Hizi siku nne ndizo."

"Goti lako nalo liko kwenye kilele. Nenda. Nitapaka mimi."

Akafungua kasha, akanikabidhi brashi kwa mikono miwili, na uzi wa bluu. "Wako uwe bluu," alisema. "Tusije tukagombana mahakamani."

Alfajiri ya kwanza nilivunja maua mawili kabla sijapaka hata moja. Petali zile ni nene, lakini shingo ya ua ni dhaifu. Kwenye la tatu brashi ilinitoka ikaanguka kwenye majani yenye umande, poda ikalowana. Nikatukana mti, nikatukana vidudu, nikafika kazini nimechelewa na unga kwenye nywele. Mchana wifi alipiga simu kutoka wodini.

"Yameendaje?"

"Vizuri."

"Umevunja mangapi?"

"Mawili."

"Mimi mwaka jana nilivunja tisa, sikukwambia. Sikiliza: usilitafute ua kwa nguvu. Liache likukalie kwenye vidole, halafu zungusha brashi, si mkono. Na pumua, Mama Pacha. Ukibana pumzi mkono unatetemeka."

Siku ya pili nilipumua. Siku ya tatu shingo ilikuwa imekakamaa, mabega yanawaka, na siku hiyo nilikuwa nimepaka maua kumi na mawili tu. Nikashuka kwenye ngazi nikakaa kwenye kigoda chake, mguu wangu mzima kabisa nimeunyoosha juu ya ndoo yake. Ndipo iliponijia. Mwanamke huyu alikuwa akifanya hivi kila siku, maua thelathini, arobaini, na goti linalomuuma mpaka anauma mdomo, na akimaliza anaingia ndani ananiuliza kama nimekunywa chai. Na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nafikiri ninayemvumilia ni yeye.

Siku ya nne mkono ulitulia wenyewe. Sijui niseme vipi. Ua lilikaa, brashi ikazunguka, nikafika pande zote nikajua nimefika. Nilifunga nyuzi ishirini za bluu, nikamsikia fundi cherehani kutoka kibarazani kwake, mara hii hana mzaha: "Leo umetulia kama yeye."

Wifi alirudi na goti jipya lililofungwa kwa kamba na masharti. Alikwenda moja kwa moja uani, akasimama chini ya mti, akageuza vikonyo kimoja kimoja akitafuta bluu.

Mwezi mmoja baadaye mti ulikuwa umebeba kuliko uwezo wake. Nilihesabu nikafika mia na kumi. Tawi la upande wa tangi lilikuwa limeinama hadi linagusa kamba ya nguo, na asubuhi moja tulikuta ufa kwenye maungio yake, mrefu kama kidole. Wifi akampigia afisa. Jibu lilikuwa fupi: punguzeni zaidi ya nusu, la sivyo mtapoteza tawi, na mtakayovuna yatakuwa madogo yasiyo na ladha.

"Zaidi ya nusu," mume wangu alirudia. Hata yeye alihuzunika. "Baada ya shida yote hii?"

"Mimi sitaweza kuangalia," nilisema, na nikaenda zangu kazini.

Jioni niliporudi, tawi lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli na kuegemezwa kwenye mpini wa ufagio. Chini palikuwa na ndoo imejaa matopetope mabichi, madogo kama ndimu. Nikainama kuyatazama. Yalikuwa duara, yote, kila moja limekamilika pande zote. Na kila moja lilikuwa na uzi mwekundu. Nikapekua hadi chini ya ndoo. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikainua macho kwenye mti. Yangu, yale ishirini na tatu yaliyoshika, yalikuwa juu yote, hata lile moja la siku ya kwanza lililopinda.

Wifi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu.

"Umetoa ya kwako," nilimwambia.

"Yalikuwa yamebanana."

"Na lile langu lililopinda? Hilo halikubanana?"

"Lile lina tabia nzuri." Akaendelea kukata. Macho yalikuwa yanamtiririka, akasema ni vitunguu, na labda vilikuwa vitunguu. Mimi sikuwa nimeshika kitunguu chochote na yangu yalikuwa yanatiririka vilevile. Nikachukua kisu cha pili nikakaa karibu naye, tukamaliza kikapu kizima cha vitunguu ambavyo hatukuvihitaji.

Ndege walipoanza kuyanyemelea, tuliyavalisha soksi kuukuu za shule za pacha, nyeupe zenye mistari. Mti ukawa kichekesho. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuchungulia, na wifi anawaambia mti wetu umeanza darasa la kwanza. Lakini tulipozivua soksi, magamba yameachana na kuwa ya rangi ya maziwa, hakuna aliyecheka. Nimeona matopetope sokoni maisha yangu yote. Sikuwahi kuona kama yale. Makubwa, mazito, duara kiasi kwamba ukiliweka mezani hujui lipi shavu lipi kisogo.

Tulivuna arobaini na nane. Pacha walikuwa likizo. Walikula mpaka wakawa hawaongei. Mume wangu alikula matatu amesimama mlangoni, halafu akaenda stoo, akarudi na mbao na magurudumu ya kiti kibovu cha ofisini. Alishinda uani siku mbili. Alichotengeneza ni kiti cha mgongo chenye mahali pa kuegesha mguu, kinachoinuka na kushuka kwa skrubu, na pembeni kimebanwa kijaluba cha brashi. Mtu huyu hajui kusema maneno matamu, hajawahi. Alikisukuma mbele ya dada yake, akasema, "Jaribu skrubu," akaondoka.

Kwa kiti kile wifi anapamba maharusi tena, wawili watatu kwa mwezi, bibi harusi akisimama au akikaa juu zaidi. Na asubuhi za msimu anasukumwa kwenye nyua za watu. Ameshafika kwenye nyumba sita mtaani kwetu. Nyingine zina topetope, nyingine zina matunda ya pasheni ambayo nayo amejifunza tabia zake. Kwetu hapaki tena. Mti wetu ameniachia mimi, na brashi yake ile nyembamba ameniachia, akajinunulia nyingine.

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya ngazi, jua halijachomoza sawasawa, nikamsikia upande wa pili wa ukuta. Fundi cherehani amepanda mtopetope wake, ndio kwanza umetoa maua, na alikuwa amemwita.

"Aa, aa, fundi! Unalikaba!" wifi alikuwa anasema. "Hilo ni ua, si kola ya shati. Lilegeze. Haya, zungusha. Zungusha mpaka nyuma. Nyuma hakuonekani, ndiyo, lakini kupo."

Kisha sauti yake tena, ya chini, ya mtu anayeona kitu anachokipenda kinafanywa vizuri:

"Hapo hapo. Umeona mkono wako ulivyotulia?"

Nami nikageukia ua langu lililofuata.